Maji ya Bi Zuena

Kazi yangu ni kupanga sabuni kwenye maboksi, kiwandani huko Rusayl, nje kidogo ya Maskati, Oman. Sabuni nyingi zina harufu ya maua ambayo sijapata kuyaona, na ukishazizoea huzisikii tena. Lakini wiki iliyopita ililetwa aina ya kijani, ya mafuta ya zeituni, na nilipofungua katoni ya kwanza ilinibidi nikae chini. Dada mmoja wa Kitanzania ninayekaa naye meza moja akaniuliza, "Vipi wewe, sukari imeshuka?" Nikamwambia ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi kuliko la kweli, na mimi tangu utotoni nachagua lililo rahisi kusemwa.

Sabuni ya namna hiyo ndiyo niliyoifunga ndani ya taulo nilipokuwa na miaka tisa, siku tulipomchukua Bibi kwenda kijijini.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mgonjwa wa koo. Sauti ilianza kumkauka kidogo kidogo, mwisho ikabaki pumzi tu yenye maneno ndani yake. Ukitaka kumsikia ulipaswa kuweka sikio karibu na mdomo wake, na mtu aliyefanya kazi hiyo nyumbani kwetu Ghubra nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa haya. Skuli mwalimu akinitaja jina machozi yalikuwa yananitoka kabla sijasimama. Lakini kwa Bibi sikuona haya, kwa sababu naye alikuwa hawezi kusema, tukawa tunalingana. Yeye akinong'ona, mimi nasema kwa wengine. "Bibi anataka uji." "Bibi anasema zima kiyoyozi, mifupa inamuuma." Nilijiona mtu mkubwa.

Asubuhi moja Mama alikuwa anaosha vyombo, na Baba amesimama mlangoni na funguo mkononi. Mama alisema, "Safari yote hiyo, kwa hali ile aliyonayo?"

Baba akajibu kwa sauti ya chini, "Anataka kwenda kuaga. Mie nimkatalie vipi?"

Maji ya bomba yalikuwa yanapiga kelele kwenye sinki. Mimi nilisikia kuoga. Kuoga nilikujua vizuri, niliambiwa kila jioni, nenda kaoge, umeoga wewe? Kuaga sikukujua. Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani, nusu yake Kiarabu, na kwetu mtu akitoka tulisema ma'a salama, basi. Nikafikiri, Bibi anaumwa, na huko milimani kuna falaj, ule mfereji wa maji ya chemchemi ambao watu wazima waliusifu sana. Bila shaka anapelekwa akaoge apone. Nikaenda kabatini, nikachukua taulo jeupe lenye pindo la manjano, nikaweka sabuni ya kijani katikati, nikalikunja. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka wakifika huko wagundue wamesahau, kisha mimi ndiye nitoe.

Baba aliazima gari la kulala kwa rafiki yake anayekodisha kwa watalii, kwa sababu Bibi hakuweza kukaa kitako safari ndefu. Lilikuwa jeupe, refu, lina kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na choo kidogo chenye bomba la mvua. Nilipoliona bomba lile nikashangaa. Kama kuoga tu, maji ya moto si yapo humu? Nikajijibu mwenyewe kwamba maji ya tangi hayaponyi.

Njiani nililala kitandani pamoja na Bibi, sikio langu kwenye mdomo wake. Vikombe vilikuwa vinagongana kabatini kila tulipopita tuta. Alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Alizaliwa Unguja, na alipofika Oman alikuwa msichana, hajui Kiarabu ila cha kuswalia. Alipelekwa kijijini kwa jamaa za baba yake. Wasichana wa pale walimcheka. Alikuwa akienda kuchota maji wanamuiga anavyosema, wanajifanya ndimi zao zimevimba. Aliyemtetea alikuwa binti wa ami yake, Zuena, mfinyanzi, mtoto wa wafinyanzi.

"Siku moja kawarushia udongo," Bibi alininong'oneza. "Udongo mbichi, fumba zima. Ukampata mmoja mdomoni. Zuena akamwambia, haya, sema sasa tukusikie wewe."

Alicheka bila sauti, mabega yakatikisika, kisha akakohoa sana. Baba aliangalia nyuma kwenye kioo. Nilimpa maji akanywa.

Waliishi hivyo miaka miwili, mkeka mmoja, blanketi moja. Zuena alimfundisha Kiarabu na kukanda udongo. Halafu likaja gari kutoka Maskati, lina wajomba ndani yake, Bibi ameposwa na aende siku ile ile. Zuena alikuwa wadini, kwenye bonde la mto mkavu, amekwenda kuchimba udongo.

"Ningeweza kusema wasubiri," alisema Bibi. "Saa moja tu. Mdomo ukawa mzito. Nkapanda gari. Nkaondoka, sikumwaga."

Nilisikia hivyo hasa. Sikumwaga. Nikaona maji akilini mwangu, ndoo imejaa, na Bibi anaiacha pale ilipo bila kuimwaga. Sikuelewa ni ndoo gani, lakini nilifurahi, kwa sababu lilikuwa jambo la maji na mimi nilikuwa na taulo. Siku hizi najua kwamba kumuaga mtu na kumwaga maji, ukisema haraka, na zaidi kwa mdomo usio na sauti, ni neno moja. Wakati ule sikujua. Ningeweza kumuuliza, Bibi, hukumwaga nini? Sikuuliza.

Kijiji kile kina uchochoro mmoja wa maduka ya kazi za mkono, na watu wake wamekubaliana tangu zamani kwamba humo hakuingii mashine. Umeme upo kwenye nyumba zao, simu wanazo, lakini dukani kila kitu ni mikono na moto. Watalii huja kupiga picha. Gari letu halikuweza kuingia, lilikuwa pana kuliko njia, basi Baba aliliegesha mdomoni mwa uchochoro, akamteremsha Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu, akaanza kumsukuma.

Tulisimama kwanza kwa mpika halwa. Alikuwa mzee mwenye mkono mmoja mnene kuliko mwingine, anakoroga sufuria la shaba juu ya kuni. Alimtambua Bibi, akaacha mwiko, kitu ambacho mpika halwa hafanyi. Baba akamtania, "Ami, nunua mashine ikukorogee, wewe upumzike."

"Mashine haina bega," akajibu. "Mimi najua halwa imeiva pale bega linapotaka kuanguka. Mashine itajuaje?"

Bibi alimpa mkono. Yule mzee aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili mpaka halwa ikaanza kunuka kuungua. Kwa mfumaji wa mazulia ya manyoya ya mbuzi ikawa vile vile. Mkono, macho yanaangalia chini. Mimi nilikuwa nyuma, taulo kifuani, nikijiuliza mbona wanachelewa na maji yenyewe yako wapi.

Nyumba ya Bi Zuena ilikuwa ya mwisho. Ukuta wa nje ulikuwa umepangwa mitungi ya maji, ile ya kuning'iniza, mwekundu kwa mwekundu. Baba alimfikisha Bibi mlangoni, na hapo hapo honi zikaanza kulia kule nyuma. Gari letu limefunga njia. Baba akaniambia, "Mwingize ndani, kaa naye. Nageuza gari nakuja." Na kwa kweli ule ulikuwa ua wa wanawake, asingeingia.

Nilimsukuma Bibi mpaka kwenye kivuli karibu na ukuta, kiti kikakwama kwenye changarawe. Bi Zuena alikuwa upande wa pili wa ua, kachuchumaa kando ya tanuri, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko. Hakusikia tulipoingia. Masikio yake yalikuwa yamezeeka kabla yake. Alipoinua uso na kumwona Bibi hakusimama. Alikaa vile vile, anamtazama.

Bibi akanivuta. "Nenda kamwambie," akanong'ona. "Mwambie nimekuja kumwaga."

Kumwaga maji ndiko kuoga, nikafikiri, nikavuka ua. Nilikuwa naona haya. Nikainama kwenye sikio la Bi Zuena, nikalizungushia viganja vyangu kama nilivyoona watu wakifanya kwa viziwi, nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti niliyoona ni kubwa sana, "Bibi amekuja kuoga."

Alinigeukia. "Nini?"

"Kuoga," nikasema sikioni. "Anataka maji, aoge." Na ili anielewe nikafunua taulo nikamwonyesha sabuni.

Bi Zuena aliangalia ile sabuni kwa muda mrefu. Kisha akaliangalia taulo, lilivyokunjwa vizuri, taulo la mtu aliyejitayarisha tangu nyumbani. Uso wake ulifanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni uchovu. Akasema, kwa sauti kubwa kama wanavyosema wasiosikia, "Mwambie maji yapo. Hapa kwangu maji hayajapata kukatika."

Yangu Bibi hakuyasikia, lakini hayo aliyasikia. Nilipogeuka nilimkuta ameweka kitambaa cha kichwa machoni na mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka kama garini.

Bi Zuena alinawa udongo, akachota maji kwenye mtungi, akayapasha moto pale pale kwenye makaa ya tanuri. Akaleta beseni. Akamvua Bibi viatu na soksi, akamuosha miguu, kidole kimoja kimoja, kisha mikono, kisha akamlegeza kitambaa akamuosha shingo na uso. Alifanya kazi ile kama anavyofanya chungu, kwa kiganja, bila haraka. Nilimpa sabuni, ua wote ukanuka zeituni. Midomo ya Bibi ilikuwa inasema kitu, inasema, inasema, lakini Bi Zuena alikuwa ameinamia miguu, na hata angeinua uso asingesikia. Bibi hakuniita. Alikuwa ananena na Zuena mwenyewe.

Baba alipobisha mlangoni, Bi Zuena alimfunga Bibi kitambaa chake. Bibi alimbusu kichwani. Bi Zuena alibaki amesimama katikati ya ua, taulo limelowa mikononi mwake, akatuangalia tunatoka. Nilimpungia mkono. Ma'a salama, nikasema, kama tunavyosema tukitoka dukani.

Tulipokuwa tumekwenda mwendo wa saa nzima Baba alisimama kujaza petroli. Kabla hajateremka alikuja nyuma kumtazama Bibi. Bibi alimshika shati, akamvuta.

"Nimemwaga, Seif," akasema.

"Umemuaga, Mama?"

"Kanipokea. Kasema kwake maji hayajakatika. Kanikosha kwa mkono wake." Akatulia apate pumzi. "Nlikuwa naogopa atanambia toka."

"Alhamdulillah," alisema Baba. "Basi umeshaaga. Hapana deni tena."

Nilimfuata Baba nje, kwenye pampu. Nikamuuliza, "Baba, kuaga ni nini?"

Alikuwa anaangalia namba za petroli zinavyopanda. "Ni kumwambia mtu mimi nakwenda, kama nimekukosea unisamehe. Bibi yako alitoka kwa Bi Zuena kijana, hakumuaga. Miaka yote hii limemkaa rohoni."

"Si kuoga?"

"Kuoga kwa nini?" Akacheka kidogo, akanishika kichwa. "Wewe nawe na Kiswahili chako. Ingia ndani, jua kali."

Niliingia. Bibi alikuwa amelala, na uso wake ulikuwa mlaini, mashavu yamelegea. Sikuwahi kumwona hivyo tangu aanze kuumwa. Viganja vyake vilikuwa bado vinanukia. Nilijua wakati ule ule nilichofanya. Watu husema mtoto haelewi, lakini mimi nilielewa vizuri, nikiwa nimesimama pale nashikilia ukingo wa meza ya kukunja. Kule nyuma mwendo wa saa moja kulikuwa na mwanamke anayeamini kwamba binamu yake amesafiri kutoka Maskati kuja kuomba maji ya kuoga. Ningemwambia Baba angegeuza gari. Lakini ingenipasa nimwamshe Bibi, nimwambie bado, hujaaga. Nikakaa kwenye kona ya kitanda. Baba akawasha gari, na kila kilomita iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi, mpaka tulipofika Rusayl na kuanza kuona maghala nikajua sitalisema.

Bibi alifariki kabla mwezi ule haujaisha. Walimwosha wanawake wa mtaani, na mimi nilikatazwa kuingia.

Siku ya pili ya matanga Bi Zuena alikuja, kaletwa na mjukuu wake. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa. Mama alikuwa amenipa birika la kahawa nizungushe, kazi ya watoto wa kike. Bi Zuena alikaa kwenye godoro karibu na Mama, akashika kikombe chake, na akasema kwa ile sauti yake ya asiyesikia, ambayo chumba kizima hakikuweza kuikwepa.

"Mara ya kwanza aliondoka hakuniaga. Nikasema ni utoto. Mara hii kaja mpaka mlangoni kwangu. Nikasema moyoni, leo kaja kuaga. Kumbe kataka maji. Nimempa maji. Akaondoka tena." Akanywa kahawa. "Mungu amrehemu. Mimi nimemsamehe, lakini hakuniomba."

Wanawake wakasema amin, amin. Mmoja akanong'ona kwamba ugonjwa hutoa watu akili. Mama alimshika Bi Zuena goti, ingawa yeye alikuwa ameambiwa na Baba habari nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na birika.

"Unamwaga," Mama aliniambia. "Mwanangu, angalia, unamwaga."

Kahawa ilikuwa imejaa kikombe cha mgeni, imeshuka kwenye sahani, inaingia kwenye zulia. Nikakimbia jikoni kuchukua kitambaa. Nilikaa jikoni mpaka watu wote walipoondoka.

Miaka ilipita. Skuli niliacha darasa la sita, sikurudi. Nilipoanza kazi kiwandani nilikuwa napewa sabuni za bure kama wenzangu, nazigawa. Bi Zuena sikumwona, nilisikia tu habari zake kwa Baba, kwamba bado yuko, bado anafinyanga, masikio ndiyo yamekufa kabisa. Kila nikisikia kwamba bado yuko, moyo wangu ulikuwa unafanya vitu viwili kwa pamoja.

Juzi, baada ya ile katoni ya kijani, nilimwambia Baba anipeleke. Hakuuliza sababu. Alidhani nataka halwa ya Idi.

Uchochoro ni ule ule. Mpika halwa ni mwingine, mwanawe, naye bega lake limeanza kunenepa. Bi Zuena sasa hafanyi kazi uani, amekaa mlangoni kwenye kigoda, mitungi yake midogo imepangwa mbele, na Baba aliweza kusimama naye barazani. Macho yake yalikuwa mazima. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu kama anatafuta nilichobeba.

"Wewe ndiye mtoto wa taulo," akasema.

Niliinama kwenye sikio lake, nikalizungushia viganja. Nikasema kwa Kiarabu maneno niliyoyapanga tangu Ghubra. Khalti, Bibi alikuja kukuaga. Alikuja kukuomba radhi. Mimi nilikosea neno.

Alitabasamu, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Nikarudia tena, na mara ile ya tatu nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kupaza sauti mbele za watu, mpaka mfumaji akatoka dukani kwake na watalii wawili wakageuka kuangalia. Baba alikuwa amesikia yote. Alikuwa amesimama na mfuko wake wa halwa. Alinitazama, kisha akatazama chini, akaondoka taratibu kuelekea kwenye gari.

Bi Zuena alinipapasa shavu, lilikuwa limelowa. "Maji yapo," akasema.

Akaingia ndani akijishikilia ukutani. Alipotoka alikuwa na beseni, na begani kwake taulo jeupe lenye pindo la manjano, limechakaa katikati mpaka unaona upande wa pili. Akaweka beseni chini. Akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mkono kuelekea miguu yangu, akangoja.

Nikavua viatu, nikampa mguu mmoja. Maji yalikuwa ya baridi, na viganja vyake vigumu, vina mikwaruzo ya udongo wa miaka yote ile. Alipoinama niliona kichwa chake, mahali pale pale Bibi alipombusu. Nikalisema mara moja zaidi, kwa Kiswahili, taratibu, kama Bibi alivyonituma. Amekuja kukuaga.

"Lete na wa pili," akasema Bi Zuena, na akanigonga gotini ili nielewe.